Dada, ni kweli tulikuwa tunacheka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, maana wiki iliyopita kuna msomaji mmoja, dada, aliandika hapahapa akilalamika kwamba alikesha kwenye benchi nje ya wodi baba yake akiwa ndani hoi, na mida ya saa tisa usiku akasikia madaktari wanacheka, tena sio kile kicheko cha kujibana, kicheko cha kupiga meza. Akauliza, hawa watu wana utu kweli? Mimi ni daktari. Sijui kama hospitali aliyoisema ndo hii yangu na wala sijaenda kuchunguza, lakini barua yake niliisoma nikiwa natoka zamu, nikaikunja nikaiweka mfukoni mwa koti, na kila nikitafuta kalamu naikuta humo.

Kwahiyo dada, kwanza pole. Kukaa kwenye lile benchi hujui mgonjwa wako ataamka au hataamka, halafu ukasikia watu wanafurahi, inauma na hakuna maelezo yatakayoondoa hayo maumivu. Lakini uliuliza tunacheka nini, na hilo naweza kulijibu, nikibadilisha mambo mawili matatu ili mgonjwa asijulikane.

Kuna mwenzangu alikuwa kazini tangu asubuhi ya jana yake. Usiku akapokea mzee mmoja amepauka kabisa, viganja vyeupe, ukimfunua kope ndani hakuna wekundu hata kidogo, anahitaji damu haraka. Jamaa akatoa sampuli, akajaza fomu, akaandika kwenye kichupa, akampa mhudumu apeleke maabara. Baada ya kama nusu saa simu ikalia mezani akapokea mwenyewe, na sisi tuliokuwa karibu tukasikia mtu wa maabara anamwambia taratibu kabisa, kwa huruma, "Daktari, kaa chini kwanza. HB yako ni tano. Umefikaje kazini?" (HB ni kipimo cha kiwango cha damu, na tano ni chini mno.) Kumbe kwenye fomu na kwenye kichupa ameandika jina lake mwenyewe, umri wake mwenyewe, na pale penye jina la daktari anayeomba kipimo akaandika jina lake tena. Sasa kilichotumaliza sio hicho. Kilichotumaliza ni kwamba yule bwana alikaa chini kweli, akawasha kamera ya simu, akavuta kope lake la chini akaanza kujikagua kama ana upungufu wa damu, huku anasema "ndo maana najisikia kuchoka." Tukacheka mpaka nesi akatufungia mlango.

Haya, ucheke nawe kama unaweza, lakini ukimaliza ulitazame tena lile kosa, maana sisi hatukulitazama. Yule wa maabara alipiga simu kwa sababu moja tu, alilijua lile jina. Kama mwenzangu kwa usingizi uleule angeandika jina la mgonjwa wa kitanda cha jirani hakuna mtu angepiga simu. Majibu yangerudi na jina zuri tu la mtu aliyelazwa kweli, damu ingetafutwa ya kufanana na sampuli, na akawekewa mtu asiyehusika. Mambo ya magrupu ya damu tunayajua tangu daktari Karl Landsteiner alipoyaeleza mwaka 1901, sio siri, mtu wa O ukimwekea damu ya A mwili wake unaishambulia hiyo damu, figo zinaweza kufa na yeye mwenyewe akafa. (Ndo maana nesi anakuuliza jina lako kila akija na kitu mkononi, hata kama mmeshinda naye mchana kutwa. Usimkasirikie jamani, huyo ndo mlinzi wako.)

Na fomu ya kuripoti tukio kama hilo ipo, iko kwenye droo, hatukuijaza. Tulichofanya ni kuigeuza stori, na stori imezunguka wodi zote mpaka leo wanafunzi wanaokuja wanasimuliwa siku ya kwanza. Miaka yangu yote ya hospitali nimegundua kitu hichi, ukitaka kujua wapi panavuja usisome ripoti, kaa na madaktari wanapotaniana. Vichekesho vyao karibu vyote ni makosa yaliyoponea chupuchupu.

Sisemi kila utani wetu una siri nzito ndani yake, mwingine ni upuuzi tu wa watu wasiolala. Hospitali ninazozijua mimi huruhusiwi kutamka kwamba leo kuna utulivu, ukisema tu wenzako wanakurushia glavu, maana inaaminika ndani ya dakika kumi italetwa ajali ya basi zima. Watu waliosoma sayansi miaka na miaka, wanaogopa neno! Kuna ule mzaha wa zamani kwamba daktari wa magonjwa ya ndani anajua kila kitu ila hafanyi kitu, wa upasuaji anafanya kila kitu ila hajui kitu, na yule anayechunguza maiti anajua kila kitu na anafanya kila kitu ila amechelewa siku moja. Wapasuaji huwa hawaupendi, na wanausimulia wenyewe. Halafu kuna ndugu na jamaa, ukienda msibani kuzika mtu anakuvuta pembeni anakuonyesha upele, tena sio mkononi.

Ila ipo aina ya utani ambayo nakubaliana na wewe dada moja kwa moja, ule wa kumwita mtu kwa kiungo chake. "Lile ini la kitanda cha saba limekula?" Nimesema hivo mimi kwa mdomo wangu, na nilikuwa naulizia mwalimu mstaafu mwenye wajukuu. Tunasema ni kwa ajili ya haraka, lakini kusema "mzee wa kitanda cha saba" kunachukua muda gani zaidi? Ukweli ni kwamba ini likifa haliumi sana kama mzee akifa. Nimejaribu kuacha, nimefanikiwa nusu.

Sasa nirudi kwenye huyu mwenzangu aliyejikuta na HB ya tano, maana hapo ndo penye malalamiko yangu, na mimi leo sijaja kujitetea tu, nimekuja kulalamika pia. Yule hakuwa mzembe. Alikuwa macho zaidi ya masaa 20. Mwaka 1997 watafiti wawili walichapisha kwenye jarida la sayansi la Nature kwamba mtu akikaa macho masaa 17 mikono na akili yake vinafanya kazi kama mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika masaa 24 ni kama 0.10, kiwango ambacho nchi nyingi ukikamatwa nacho kwenye usukani gari linabaki kituoni. Mimi nikija kazini nanuka pombe nafukuzwa siku hiyohiyo, na ni haki. Nikija nimekesha siku mbili naitwa mchapakazi.

Na huu utaratibu wa kukesha umetoka wapi? Hapa pana kichekesho kikubwa kuliko vyote na hatukisimulii vya kutosha. Mfumo wa mafunzo ambao hospitali nyingi duniani zimeurithi kwa namna moja au nyingine, wa daktari kijana kuishi hospitalini mchana na usiku, ulijengwa kwa kiasi kikubwa na William Halsted, mpasuaji mkuu wa hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1889. Bingwa kweli, upasuaji wa leo una alama zake kila mahali. Lakini mwaka 1884 alianza kujifanyia majaribio ya kokeni kama dawa ya ganzi, ikamkamata, wakampeleka kutibiwa, na baadaye akawa anatumia mofini, dawa kali ya maumivu inayolevya, miaka mingi. Yaani bosi aliyetusaidia kuamini kwamba daktari wa kweli halali, ndo huyo. Nikiwa naanza kazi mkubwa mmoja alinikuta nasinzia kwenye raundi akaniambia "sisi enzi zetu hatukuwa tunalala", nami nikaona aibu. Siku hizi nikikumbuka natamani ningemuuliza mlikuwa mnatumia nini.

Sio kwamba watu hawajawahi kushtuka. New York mwaka 1984 msichana wa miaka 18 alilazwa na homa akafa ndani ya masaa machache, baba yake akauliza maswali, ikaonekana waliomhudumia usiku ule ni madaktari vijana wenye zamu ndefu mno, na kelele zake zikaja kuzaa kikomo cha masaa 80 kwa wiki, kwanza jimbo lile halafu mwaka 2003 Marekani nzima kwa madaktari walioko mafunzoni. Masaa 80! Tukashangilia. Ulaya kikomo ni 48 kwa wastani, ingawa kuna njia za kukizunguka. Na sikatai kuna hoja upande wa pili, ukibadilisha madaktari mara nyingi taarifa zinapotea njiani, huyu alijua mgonjwa ana mzio wa penisilini yule hakuambiwa, hilo nalo linaua. Lakini dawa yake ni kukabidhiana vizuri, sio kumwachia mtu mmoja aliyelewa usingizi abebe yote.

Kwanini basi hatusemi? Hapa nitawakwaza wenzangu kidogo. Hatusemi kwa sababu tunaogopa wakubwa, na wakubwa hawapendi kuambiwa kwamba mikono yao ndo inaleta tatizo. Hii ni ya zamani. Daktari Ignaz Semmelweis mwaka 1847 kule Vienna, Austria, aliona wazazi wanakufa kwa homa zaidi kwenye kliniki ya madaktari kuliko ya wakunga, madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti wanaenda moja kwa moja kuzalisha, akawaambia tu osheni mikono kwa maji ya klorini. Vifo vikashuka kutoka zaidi ya 18 kwa kila wazazi mia mwezi Aprili hadi kama 2 mwezi Juni. Ungedhani walimbeba juujuu. Wengi walichukia, daktari ni muungwana, mikono ya muungwana itakuwaje michafu? Akafia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1865.

Mnasema ni zamani? Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilileta orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla ya kukata, na kabla hajatoka chumba cha upasuaji, na mojawapo ni kila aliyemo chumbani ajitambulishe jina na kazi yake. Jamani tulicheka. Kuna mpasuaji alisema mbele yangu, miaka yote hii nijitambulishe kwa nani, kwa taa? Kwenye hospitali 8 walikoijaribu vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Yule mpasuaji sasa anajitambulisha, anasema jina lake kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mahakamani, lakini anasema. Na siku moja nesi mgeni, ambaye bila lile zoezi asingefungua mdomo, alimwambia "daktari, samahani, fomu inasema kushoto." Ilikuwa kushoto kweli. Hiyo nayo imeshakuwa kichekesho, nadhani sasa unaelewa utaratibu wetu ulivyo.

Kwahiyo dada mimi siwezi kukuahidi kwamba hatutacheka. Kuna usiku tumefiwa na mtoto saa nane na saa nane na nusu kuna mwingine anasubiri, na mtu akisema kijinga chochote tutacheka kwa sababu la sivyo hakuna atakayeinuka kwenye kiti. Ninachoweza ni kufunga mlango, hiyo haki yako. Na wewe nikuombe kitu, ukimwona daktari macho mekundu anakuja kwa baba yako na sindano muulize bila woga, "daktari, upo zamu tangu saa ngapi?" Wengine watakasirika. Muulize tu, maana sisi wadogo tukiuliza hivo wakubwa wanatuona wavivu, ila ndugu wa mgonjwa hawezi kupangiwa zamu ya adhabu.

Yule mzee aliwekewa damu yake asubuhi, sampuli ikachukuliwa upya na jina likaandikwa lake. Siku ya tatu mwenzangu akaona ni vizuri amweleze ukweli kwanini usiku ule damu ilichelewa, akaketi pembeni ya kitanda akamsimulia yote mpaka ile ya kujivuta kope. Mzee alicheka kuliko sisi wote, akashika mbavu, machozi yakamtoka. Alipotulia akajifuta na shuka akamtazama, akauliza, "Na kama ungeandika jina la huyu hapa?" akaonyesha kitanda cha jirani.

Mwenzangu alikuja kuniambia hakumjibu. Jioni ile nikamkuta kwenye droo anatafuta ile fomu.

Daktari wa wodi
(Jina na anwani anavyo mhariri)