Mtajeni na msomaji wa kitabu cha sauti

Mhariri,

Safu yako ya vitabu inapopendekeza kitabu kipya cha sauti, naomba imtaje na aliyekisoma. Hadithi nzuri hufia mdomoni mwa msomaji asiyejiandaa.

Kipimo cha haraka ni neno “barabara”. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia ya magari. Ukisogea nyuma silabi moja, maana yake ni sawasawa. Asiyepitia kurasa kabla ya kurekodi hukosea hapo, na msikilizaji hupotea. “Thamani” nayo ikitamkwa “samani”, tayari ni viti na makabati.

Utenzi ndio mtihani hasa. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani (silabi) 8, na kina cha mwisho, yaani silabi inayofunga ubeti, hurudi utenzi mzima. Msomaji hodari hutua hapo kidogo, bila kukokota wala kupiga kelele.

Kwa wanaorekodi: maikrofoni iwe kama sentimita 15 kutoka mdomoni, ikae upande kidogo, la sivyo “p” na “b” hupasuka masikioni. Feni izimwe, mvumo wake ukishaingia chini ya sauti, kuuondoa huifanya sauti yenyewe iwe kama ya bati.

Msomaji wa gazeti hili,
Tanga