Mhariri, punguzeni hizo picha za magari yanayorusha maji

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila mkiandika habari za kuendesha gari kwenye njia za msituni huko milimani lazima picha iwe ileile, gari limeingia kijitoni kwa kasi, maji yameruka mpaka juu ya kioo, dereva anacheka. Inapendeza sikatai, ila mtu ambaye ndo kwanza kanunua fo wili yake akiiona anajua hivo ndo inavyotakiwa, kumbe hivo ndo injini inavyokufa.

Na siongelei njia za mawe makubwa na winchi, naongelea zile rahisi kabisa, vumbi na matope kidogo chini ya miti, ambapo gari lililonyanyuka kidogo na lenye tairi zenye meno linapita bila kubadilishiwa kitu. Kwenye njia kama hiyo kazi karibu yote iko kwenye vijito. Kwingine ni kwenda pole pole, kupunguza upepo wa tairi kidogo gari lisirukeruke (na kuujaza tena kabla hujarudi lami, wengi wanasahau) na kwenye mteremko kuiacha gia nzito, yaani ya chini kama namba moja, ishikilie gari badala ya kukanyaga breki mpaka zinuke.

Sasa kijito. Injini inavuta hewa, na kwenye magari mengi hewa inaingilia hapo mbele karibu na taa au juu ya radieta, sio kwenye paa. Ukiingia kwa kasi unajitengenezea wimbi linalopanda boneti hata kama maji yenyewe yalikuwa ya magotini, yakishavutwa ndani pistoni inapanda inakutana nayo na maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachosukuma pistoni. Gari likizima humo usipige selfu hata kama unaona aibu mbele za watu, livuteni nje, fungueni plagi, au nozo zinazopuliza mafuta kama ni dizeli, maji yatoke kwanza.

Wanaojua wanasimama, wanashuka, wanachukua fimbo wanavuka kwa miguu kwanza. Palipo na viwimbi vidogo vinavyochezea mawe mara nyingi hapana kina, yale maji meusi yaliyotulia kama hayana neno ndo yenye shimo. Fimbo ikizama kwenye mchanga upande wa kutokea ujue na tairi itazama, tafuta pengine. Na kama mkondo unakuyumbisha wewe mwenyewe, rudi, maana maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kuliondoa gari dogo, yakifika 60 yanabeba hata hayo mafo wili tunayojidai nayo. Alafu milimani mvua inanyesha juu huko we huioni, kijito ulichovuka asubuhi jioni kinaweza kuwa kingine kabisa.

Ukisharidhika ndo unaingia, gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea, hubadilishi gia katikati, hugusi klachi. Ukitoka gusagusa breki zikauke. Na siku ya pili kagua oili ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, kwa sababu difu ya moto ikiingia maji baridi hewa ya ndani inasinyaa na inaweza kuvuta maji, ukikuta oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa ujue inatakiwa kumwagwa yote.

Kingine ambacho picha zenu hazionyeshi ni kingo. Mtu anayetafuta maji yaruke haridhiki na kivuko cha siku zote, anazunguka pembeni, anapanda ukingo kwa kuchimba na tairi, mvua inayofuata ukingo unamong'onyoka tope lote linaenda kufunika changarawe ambako samaki wanataga mayai. Wengine ndo wanageuza kijito chenyewe barabara, wanaenda nacho! Njia ikifungwa wa kwanza kulalamika ni haohao.

Ombi langu ni dogo tu, tafuteni picha za dereva akiwa nje ya gari, suruali kaikunja, fimbo mkononi. Najua haiuzi sana. Basi kama lazima maji yaruke, chini ya picha muandike kina kilikuwa kiasi gani na kama gari liliwaka tena.

Msomaji wenu