Risala ya Kikosi cha Huduma ya Kwanza kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, Chifu wetu, wazee, wazazi, na wewe mlezi wetu tunayekusherehekea leo, hamjambo.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kufika. Umefika mwenyewe, hukutuma mwakilishi, na chakula bado ni moto. Hayo ni mambo ambayo kikosi hiki hakijayazoea.

Historia yetu ni fupi, nasi tutaifupisha zaidi. St John Ambulance, shirika la huduma ya kwanza, imehudumu Kenya tangu 1928. Sisi tulianza baadaye sana, tukiwa na sanduku moja la dawa na machela ya kuazima, na tangu siku hiyo hatujalala. Tumefunga bendeji kwenye michezo, mazishi na mikutano ya siasa. Wanafunzi wanaozirai gwarideni tunawadaka kabla hawajafika chini. Kuna mheshimiwa mmoja tuliyemtoa mfupa wa samaki kooni, jina lake tunalisitiri. Kwa ufupi, hakuna janga lililowahi kutokea eneo hili sisi tukakosekana.

Leo tuna furaha ya pekee. Mlezi wetu ameingizwa katika jumuiya ya heshima ya St John, ile iliyopewa hati ya kifalme na Malkia Victoria mwaka 1888. Msalaba wa ncha nane mnaouona kifuani pake, kwenye utepe mweusi, hauuzwi wala hauombwi. Wengine ndio huliwasilisha jina lako, likachunguzwa, ukaitwa. Hauji na mshahara, na mwenye nao haitwi kwa cheo chochote kipya. Mkuu wa jumuiya hiyo ni Mfalme wa Uingereza.

Sasa, Mheshimiwa, kwa heshima zote, hapo ndipo penye jambo letu. Jina la mlezi wetu limevuka bahari likafika London. Nairobi, ambako sisi huenda alfajiri na kurudi jioni, halijafika hadi leo.

Si kwamba hatukulipeleka. Katiba, katika kifungu cha 132, inasema Rais hutoa nishani kwa niaba ya wananchi na Jamhuri, na Sheria ya Nishani za Kitaifa ya 2013 ikaweka utaratibu wa majina kupendekezwa na kuchujwa. Tangazo la kuwaalika wananchi kupendekeza likitoka, sisi husoma kila mstari. Tumejaza fomu za mlezi wetu na za wahudumu wetu wawili wakongwe. Tukaambatisha nakala za vitambulisho, vyeti vya mafunzo, barua ya Chifu, picha mbili mbili, na maelezo ya kazi yaliyopigwa chapa vizuri. Vyote vikatiwa kwenye bahasha ya kaki.

Bahasha ya kwanza ilichukuliwa na mgeni wa heshima aliyesimama hapo hapo ulipoketi. Alisema, “Hili niachieni mimi,” tukampigia makofi ya kilo. Tarehe 12 Desemba tukakaa na Gazeti Rasmi la Serikali tukisoma orodha yote ya waliotunukiwa, kuanzia EGH, nishani ya ngazi ya juu, hadi HSC, pongezi ya Mkuu wa Nchi. Tuliwaona watu tunaowafahamu, na wengine ambao hatukufahamu walifanya nini. Wetu hawakuwamo. Bahasha ya pili aliichukua mgeni mwingine, nayo haikurudi hata kwa habari. Kila mara tunaanza upya kutoa nakala, na mwenye duka la fotokopi sasa ndiye anayetutakia heri kuliko wote.

Mheshimiwa, hatuombi gari. Tunajua risala nyingi huishia kwenye gari. Ambulensi tuliahidiwa miaka iliyopita, tukaijengea na banda la mabati. Leo banda hilo linahifadhi viti vya plastiki, navyo ndivyo mlivyovikalia. Hatuombi fedha pia, ingawa glavu zikipatikana hatutazikataa.

Tunachoomba ni bahasha hii ifike. Wewe una herufi tatu za nishani ya Jamhuri baada ya jina lako, EBS, na tunaamini unajua mlango wa kuingilia. Sisi hujitolea bila malipo, na uwanjani walinzi hutudai tiketi huku tumebeba machela. Mhudumu wetu mmoja amezeeka, mikono inamtetemeka, na bado ndiye anayewafundisha vijana kufunga mkono uliovunjika. HSC haitamponya mikono hiyo. Lakini Jamhuri ikimtamka kwa jina, mlinzi wa getini atamsogezea kiti. Tunajua nishani inaweza kutolewa hata baada ya mtu kufa. Tungependelea yeye aipokee kwa mkono wake.

Tena hatudai apewe kwa lazima. Kamati ikimpima ikaona hafai, tutanyamaza. Kinachotuuma ni kwamba hajawahi kupimwa.

Mheshimiwa, bahasha ya tatu iko kwa katibu wetu, aliyeketi kulia kwako. Safari hii amekuja na daftari la kupokelea barua. Tunakuomba, kwa unyenyekevu mkubwa, kabla hujakaribishwa chai, uandike jina, tarehe na namba ya simu unayoipokea wewe mwenyewe, kisha utie sahihi. Nakala ya ukurasa huo itabaki kwa Chifu.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Imesomwa na mweka hazina, kwa niaba ya wanachama wote.