Tester alianzia Helena, sio Washington

Mhariri, naomba kanafasi kidogo.

Nimesoma makala yenu ya Jon Tester, yule seneta wa Montana, Marekani, aliyebwagwa na Tim Sheehy Novemba 2024. Mambo ya Washington mmeyachambua vizuri tu, ila miaka yake minane kwenye Seneti ya jimbo kule Helena, mji mkuu wa Montana, mmeipa sentensi moja, na mimi naona utamu wote uko hapo.

Jamaa ni mkulima wa Big Sandy, shamba la tangu enzi za babu na bibi yake, ekari kama 1,800, ngano, shayiri, dengu. Akiwa na miaka 9 mashine ya kusaga nyama ikamla vidole vitatu vya mkono wa kushoto, kikabaki gumba na kale ka mwisho, saksafoni ikawa haiwezekani tena akahamia tarumbeta maana ile unabonyeza kwa mkono wa kulia, baadae akawa mwalimu wa muziki shule ya msingi hukuhuku anaendesha bucha ya familia.

Siasa aliingizwa na umeme. Mwaka 1997 bunge la jimbo liliachia biashara ya umeme iwe soko huria, wananchi wakaambiwa bei itashuka, jamaa akakasirika, 1998 akagombea akapita. Bei yenyewe badala ya kushuka ikaja kupaa!

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui, bunge la Montana linakaa siku 90 tu na tena mwaka mmoja ndio mwaka mmoja hapana, linaanza Januari na mara nyingi linafunga kwenye Aprili mwishoni, yaani wanabishana sheria wakati shamba liko chini ya theluji, ikiyeyuka kila mtu na trekta lake. Mimi mtoto wa mkulima hilo nimelielewa bila kuelezwa mara mbili, mbegu haijui kama wewe ni mheshimiwa. Halafu wanalipwa kwa siku za kikao, na ukipiga miaka 8 kwenye nyumba moja ya bunge (Seneti au Baraza la Wawakilishi) unawapisha wengine.

Mwaka 2005 chama chake cha Democrats kilipata viti 27 kati ya 50, yeye akawa rais wa Seneti ya jimbo, na mwaka huohuo akapitisha sheria ya kuyabana makampuni ya umeme yafikishe 15% ya umeme wao kutoka kwenye upepo na vyanzo kama hivyo ifikapo 2015.

Malaika hakuwa. 2006 alimng'oa Conrad Burns, seneta wa Republican kule Washington, kwa kura 3,500 na ushee, akimsema sana kwa ukaribu wake na wanalobi, yaani watu wanaolipwa kushawishi wabunge, miaka ikapita na yeye akaanza kusemwa kwa hela za haohao wanalobi. Hiyo mmeiandika, sawa. Ila ile sheria ya umeme wa upepo ya 2005 bunge lilelile la Helena liliifuta 2021, akiwa bado seneta huko Washington, na hilo hamkuligusa kabisa.

Msomaji wenu, Njombe