Ukishuku tu toa taarifa, usingoje maabara

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na watoa huduma wenzangu, madaktari, manesi, matabibu na watu wa maabara, halafu nimalizie na wale wa ofisi za afya maana na wao wana lao. Hili suala la kutoa taarifa za magonjwa ya mlipuko tunalichukulia poa mno. Nenda vituo vingi tu, hasa vya binafsi, utasikia "ngoja majibu yarudi tuwe na uhakika", na majibu yenyewe yanachukua siku kadhaa, huku mgonjwa keshakaa benchi moja na akina mama wenye watoto wachanga na keshapanda daladala kurudi kwake. Jamani taarifa inatolewa kwa kushuku! Kuthibitisha kunakuja baadae.

Chukua surua. Mgonjwa anaanza kuambukiza siku kama 4 kabla vipele havijatoka na anaendelea siku 4 baada ya kutoka, yani siku unayoviona vile vipele ujue keshaambukiza tayari. Na chanjo ukimpa mtu ambaye hajachanjwa ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa inaweza kumkinga, sasa wewe ukisubiri karatasi ya maabara hizo saa 72 zinaisha mezani kwako na hakuna wa kuzirudisha. Mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea mguu au mkono ghafla, hapo tunashuku polio, ni hivyo hivyo, zinatakiwa sampuli 2 za choo, zipishane angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee, na zikae kwenye baridi mpaka zifike maabara. Ukichelewa, kirusi cha polio kwenye choo kinazidi kupungua na unaweza ukakikosa kabisa.

Nikifikiria hili huwa namkumbuka Dkt. Stella Adadevoh wa Lagos. Julai 2014 alikuta wodini mgonjwa aliyetoka Liberia, mwanzo alitibiwa kama malaria, yeye akashuku Ebola, akawaarifu wakubwa wa afya kabla majibu hayajatoka na akakataa kumruhusu mgonjwa atoke hospitali pamoja na presha yote aliyopata. Nigeria ikaishia na wagonjwa 20 na vifo 8, kwenye jiji la mamilioni ya watu. Mmoja wa hao 8 ni yeye mwenyewe. Alishuku tu, na kushuku kwake kuliokoa watu wengi.

Na sio lazima ugonjwa uwe kwenye orodha ya magonjwa ya kutolewa taarifa. Juni 1981 madaktari wa Los Angeles walitoa taarifa ya vijana 5 tu wenye nimonia isiyo ya kawaida, hawakujua ni nini, na ndo ikawa ripoti ya kwanza ya kile tulichokuja kukiita UKIMWI. Ukiona wagonjwa watatu wanne wanafanana kwa namna usiyoielewa, sema.

Kingine ni fomu ya kutolea taarifa. Watu wanajaza tarehe ambayo mgonjwa kafika kituoni, kile kisehemu cha tarehe dalili zilipoanza wanakiacha wazi au wanarudia tarehe ile ile, wakati mtu wa ufuatiliaji anahesabu kila kitu kuanzia hapo, nani alikutana na mgonjwa, lini, nani bado anaweza kuugua. Weka na mtaa anaoishi na namba ya simu inayopatikana, na kama kachanjwa au la. Kuna wanaoogopa kwamba wanavunja siri ya mgonjwa, hapana, nchi nyingi sheria yenyewe ndo inakutaka utoe taarifa kwa mamlaka ya afya, siri unavunja ukienda kuhadithia mtaani.

Sasa ofisi za afya. Mnatulaumu haturipoti lakini mtu anapiga simu Jumamosi usiku haipokelewi, anatuma fomu na sampuli halafu kimya, miezi inapita hajui hata kama yule mgonjwa alikuwa na ugonjwa kweli au la. Nesi akifanyiwa hivyo mara mbili ya tatu hapigi tena, na mi simlaumu sana. Mjibuni hata kwa meseji fupi, majibu ni hasi, asante. Atapiga tena.

Ombi langu ni karatasi moja tu ukutani kwenye kila kituo, cha serikali na cha binafsi, hata kile chenye chumba kimoja: magonjwa ya kupiga simu hapo hapo na yale ya ripoti ya wiki, namba ya mchana, ya usiku na ya wikiendi, vifaa vya kuchukulia sampuli vinapatikana wapi na nani anakuja kuzichukua. Namba ikibadilika karatasi ibadilishwe wiki hiyo hiyo. Na wewe mhariri, ofisi ya afya ikikupa hizo namba naomba uzichapishe ukurasa wa mbele, tutazikata na kuzibandika wenyewe.

Ni mimi mtoa huduma,
kituo cha binafsi