Barua kwa Masalu: Nipimie kiti chako

Ndugu yangu Masalu,

Habari za Kahama? Huku Nyegezi wote wazima. Najua nimenyamaza mno na matusi yangu umeshayaandaa. Yaweke kiporo kwanza, nina shida.

Lile jukwaa la Luchelele, la kuvulia samaki hata kwa wenye viti vya magurudumu, limepata wafadhili. Ndiyo, lile lile uliloanza kulipigia kelele wakati sisi tunavua juu ya mawe na wewe umeachwa nchi kavu kulinda viatu vyetu. Ufukweni hatujachimba hata shimo. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye maji, kwa hiyo tunafuatilia kibali kwa wasimamizi wa mazingira. Ila fundi ameshatengeneza kipande cha mfano kwenye karakana yake, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Njia ya kupandia ameisimamisha kama ngazi ya darini! Nikamwambia kiti cha magurudumu kinataka 1 kwa 12: kupanda mita moja, njia iwe na urefu wa mita 12, na katikati pawe na sehemu bapa ya kupumzikia. Akacheka. Eti tushushe sakafu, njia itafupika. Amesahau ziwa lilivyopanda 2020, na 2024 likarudia? Sakafu hiyo watakuja kuifaidi kambare. Mweka hazina naye, unamjua, akisikia mbao za mita 12 anashika kichwa.

Tukamwita Mama Neema ajaribu na kiti chake. Mbao zimelazwa kufuata njia, zimeachana kidole kizima. Hata hajafika mbali, kigurudumu kidogo cha mbele kikadumbukia kwenye ufa, nusura aangukie uso. Fundi anasema ataziba kwa simenti! Simenti kwenye mbao, Masalu. Nimemwambia azilaze kukatisha njia, na nafasi isifike sentimita moja.

Halafu ukingo. Ameuweka mita 1.1, ukikaa unatazama ubao badala ya ziwa. Wamarekani kwenye majukwaa yao ya kuvulia wanataka sehemu ya ukingo isizidi sentimita 86, na chini pawe na kizuizi cha magurudumu cha sentimita 5. Nakubali, ila mtoto akichungulia hapo... sijui. Labda sehemu mbili tu ziwe fupi. Lakini la mteremko siliachii, hata mweka hazina azimie.

Sasa nisaidie. Ukikaa kwenye kiti, macho yako yako sentimita ngapi kutoka chini? Magoti je? Sangara akivuta mshipi, unajizuia kwa mkono au unafunga breki? Mita 12 utazipanda mwenyewe au utataka kusukumwa? Magugu maji yakijaa mbele tutatupia wapi ndoano? Na unakuja lini, au umeshazoea samaki wa barafu? Chukua futi kamba leo, unipigie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo fundi anaenda kununua mbao.

Wako,
Kulwa