Kabla ya kuuliza wati za ampli, uliza desibeli za bafle

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji nizungumze na wanaonunua ampli za nyumbani hapa Lubumbashi. Kwenye soko la mtaa wetu wa Kenya na madukani katikati ya mji, swali la kwanza la mnunuzi ni moja: ina wati ngapi? Muuzaji anasoma kibandiko, 300, 500, mara nyingine 1000, na biashara imeisha. Kwa mwenye bafle (sanduku la spika) sikivu swali hilo halina faida, na mara nyingi linamfanya alipe zaidi apate sauti mbaya zaidi.

Usikivu wa bafle hupimwa kwa desibeli: inapewa wati 1, na maikrofoni inawekwa mita 1 mbele yake. Bafle ndogo za rafuni hutoa 85 hadi 88. Zile zenye wufa (spika ya besi) ya karatasi ya inchi 15 na honi ya sauti za juu, ambazo wengi wamezinunua zilipotoka kanisani au baa, mara nyingi hufika 96 hadi 100. Kila desibeli 10 zinazopungua, unadaiwa wati mara kumi. Tuseme mtu ameketi mita 3 mbele ya bafle mbili za 97 na anasikiliza kwa wastani wa desibeli 78, ambao tayari ni sauti kubwa kuliko ya maongezi. Wastani huo haufiki hata sehemu moja ya kumi ya wati kwa kila bafle. Trompeti ikipanda au ngoma ikipigwa, sauti inaruka desibeli 15 hivi juu ya wastani, na hapo ndipo zinatakiwa wati karibu 2, hata bila kuhesabu msaada wa kuta. Bafle za 87 mahali pale pale zingetaka 18.

Namba ya kwenye karatasi nayo ichunguzwe. Watengenezaji wengi hupima kwa volti 2.83. Kwa bafle ya omu 8 hiyo ni wati 1 kamili, lakini kwa bafle ya omu 4 ni wati 2, kwa hiyo 95 iliyoandikwa ni 92. Kama maandishi yamefutika, chomoa nyaya na upime kwa multimita: bafle ya omu 8 husoma karibu 6, ya omu 4 husoma 3 na kitu.

Wachache sana huuliza kuhusu kelele ya ampli yenyewe, na kwa maoni yangu hilo ndilo la kwanza. Ampli inayotoa milivolti 1 ya kelele haisikiki kwenye bafle ya 87. Kwenye bafle ya 97 kelele hiyo hiyo ni desibeli 28 mita moja mbele, na usiku mtaa ukitulia utaisikia. Tafuta iliyo chini ya milivolti 0.2. Gitaa la mwanamuziki wetu wa Katanga Jean-Bosco Mwenda, namna Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alivyolirekodi mwaka 1952, linaonyesha vizuri: uzi ukiisha kupigwa, mlio wake unafifia mpaka sehemu ndogo sana ya wati, na ampli yenye kelele inaufunika wote. Ila rekodi ya zamani ina mchakacho wake, kwa hiyo ampli ipimwe pasipo kupiga muziki.

Kelele inaenda pamoja na ukuzaji. Mashine ya CD hutoa hadi volti 2, na bafle yetu inashiba kwa volti 4. Ampli za kawaida hukuza mara 20 au zaidi. Matokeo yake kitufe cha sauti kinabaki chini kabisa, mahali ambapo upande wa kulia na wa kushoto havilingani. Kwenye bodi ndogo za ampli zenye chipu ya TPA3116D2 hili hurekebishika. Zima umeme, weka resista ya kiloomu 5.6 kati ya mguu wa chipu ulioandikwa GAIN na masi (upande wa sifuri wa saketi), ondoa ile inayotoka GAIN kwenda mguu wa GVDD, kisha washa. Ukuzaji unakuwa desibeli 20, yaani mara 10. Ukibadilisha ikiwa imewaka ukuzaji hautabadilika, maana chipu husoma resista inapowashwa tu.

Bodi hiyo kwa betri ya volti 12 hutoa karibu wati 7 kwa kila bafle ya omu 8. Kwa nyumba inayotegemea sola wakati SNEL, shirika la umeme, imekata, hesabu ni hii: betri ya risasi ya ampea-saa 100, ukitumia nusu yake, ina wati-saa 600. Ampli ya lampi (vali za kioo) aina ya 300B inakula wati 150 hivi muda wote, hata muziki ukiwa kimya, kwa hiyo kupitia invata, inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, hazitafika saa 4. Bodi inayokula wati 10 itaendelea saa 60.

Lampi sizikatai, zina utamu wake. Lampi moja ya 2A3 kwa kila upande hutoa wati 3.5, EL84 karibu 5, 300B karibu 8, na zote zinatosha kwa bafle ya 97. Lakini bila urejeshaji, yaani sehemu ya sauti inayotoka kurudishwa mwanzoni ili ampli ijisahihishe, ampli hizo haziishiki wufa vizuri na besi inavimba. Jaribu kuunganisha bafle ya omu 8 kwenye tundu la omu 4: wati zinapungua kidogo, besi inakazika. Usiwashe ampli ya lampi bila bafle, transfo ya matokeo inaweza kuungua. Na nunua reguleta, kifaa cha kusawazisha umeme. Umeme ukishuka kutoka volti 220 hadi 170, uzi wa kupasha moto lampi ya EL84, unaotaka volti 6.3, unapata 4.9, ukipanda hadi 250 unapata 7.2. Pande zote mbili lampi inakufa mapema.

Dukani, beba bafle yako. Washa ampli, sauti iwe sifuri, sogeza sikio kwenye honi. Mngurumo ukiwepo hapo, shaka ya kwanza ni kondensa za umeme zilizokauka ndani. Ukikua pamoja na kitufe, umetoka kwenye kebo au chombo kinachopiga muziki. Ukiisha unapochomoa chaja ya simu au ya kompyuta, tatizo ni njia ya masi kati ya vyombo viwili: vichomeke vyote kwenye rallonge (kebo ya kuongeza soketi) moja, au tumia betri. Usikate waya wa ardhi ili kunyamazisha mngurumo. Ndani ya ampli ya lampi kuna volti 300 na zaidi.

Fundi wa vyombo vya sauti,
Kamalondo, Lubumbashi